Gari Lisilopenda Tambarare

Jumatatu, 11 Julai 1955. Ilomba.

Gari limegoma. Baridi kali asubuhi, umande mweupe juu ya majani kama chumvi. Nilivaa koti na tai ili majirani wanione nikienda kazini kwa gari langu. Nikavuta stata. Tk. Nikavuta tena. Tk. Kama mtu anayebisha hodi kwa kidole kimoja huku akiomba asifunguliwe.

Gari lenyewe ni Morris ndogo ya kabla ya vita. Mzungu mmoja wa mashamba ya kahawa ya Mbozi aliporudi kwao alimwachia msimamizi wake. Msimamizi hakutaka gari, alitaka ng'ombe. Sikumuuliza kwa nini. Ng'ombe nilikuwa nao, yaani mke wangu Esta alikuwa nao: mitamba miwili aliyoikuza kwa mkono wake tangu ikiwa ndama. Alikubali kuitoa kwa sababu moja tu. Mdogo wake, Matilda, anaolewa kwao Iringa Jumamosi ya wiki ijayo. Nilimwahidi kwamba bibi harusi atafika kanisani kwa gari letu.

Na si kwamba silitunzi. Juzi Jumamosi nililipaka rangi nyeusi mpya, nje na ndani ya boneti. Nilifungua kila kilichofunguka, nikapaka kila chuma na kila boliti, nikafunga tena. Linang'aa kama kiatu cha askari. Kabla ya hapo lilikuwa likiwaka vizuri. Gari halina shukrani.

Tadeo, jirani yetu, dereva wa lori la pareto, alikuwa barazani kwake na kikombe cha chai. Akaja bila kuitwa. Akasema niwashe taa za mbele, nivute stata, halafu nitazame taa zinafanya nini. Taa zitaniambia ugonjwa uko wapi. Nikamjibu kwamba taa ni za usiku.

Nimekwenda kazini kwa miguu, tai shingoni. Mimi ni karani wa mizani kwenye ghala la kahawa la ushirika. Nikichelewa, magunia yote yananisubiri, na wenye magunia pia.

Jioni nimekata shauri: ni baridi. Gari lililotengenezwa Ulaya halijaizoea baridi ya Mbeya. Esta akauliza, kwani Ulaya hakuna baridi? Nimemwambia ya kule ni nyingine.

Jumanne, 12 Julai.

Nimeamka kabla ya jogoo. Jiko la mkaa chini ya injini, blanketi juu ya boneti, kama mgonjwa anayefukizwa. Nilikaa kando nikijisifu. Harufu ilipokuja nilidhani ni injini inapata nguvu. Ilikuwa blanketi.

Gari: Tk.

Tundu la blanketi lina ukubwa wa sahani. Lilikuwa blanketi la Esta, alilopewa na mama yake siku ya harusi yetu. Amelikunja akaliweka kabatini, tundu likiwa ndani ili asilione. Tadeo akasema kama petroli ingekuwa inavuja hata tone, sasa hivi wangekuwa wananichimbia kaburi. Hilo sikuwa nimelifikiria. Siku nzima mizanini nimekuwa nikiliwaza. Gunia moja nimelipima mara tatu, na kila mara lilikuwa na uzito wake mwingine.

Akaniambia tena habari za taa. Mtu akishashika neno lake moja haliachi.

Alhamisi, 14 Julai.

Leo nilishuku plagi. Nilizitoa zote, nikazisugua kwa majivu, nikazirudisha. Nyaya zake nilizipanga upya kwa urefu, fupi mbele na ndefu nyuma, zipendeze macho. Nikawaomba wanaume waliokuwa wakitoka shambani wasukume.

Sijawahi kusikia mshindo kama ule. Moshi ulitoka mbele na nyuma kwa pamoja. Kuku wa mama Tusekile, mjane wa nyumba ya pili, wamekimbilia bondeni na hadi jioni hawajarudi. Yeye mwenyewe alitoka nje ameshika Biblia.

Tadeo alikuja akazirudisha nyaya mahali pake bila kusema neno. Angesema, ningemjibu. Hakusema, nikabaki na majibu yangu yote tumboni.

Lakini sasa, hapa ndipo Mungu alipoonekana. Wale wanaume walisukuma mara ya pili, gari likafika kwenye mteremko wa njia ya mtoni. Nikatia gia ya pili, nikaachia klachi, likawaka. Likawaka kama halijawahi kuugua. Nimezunguka Ilomba yote nikipunga mkono.

Kwa hiyo nimeelewa. Gari halina ugonjwa. Ugonjwa ni tambarare. Mtu anayeishi Mbeya, milima kila upande, anahitaji stata ya nini? Nitakuwa nalilaza kwenye mteremko kila jioni, jiwe chini ya gurudumu. Asubuhi natoa jiwe, linateremka, linawaka. Hakuna atakayejua.

Hendeli ya kuzungushia injini kwa mkono ilikuwapo, ila nilimpa mhunzi aifanye komeo la geti. Geti linafunga vizuri sana.

Jumatatu, 18 Julai.

Siku nne za heshima. Nimekwenda kazini kwa gari kila siku ya kazi. Ni kweli ghalani hakuna mteremko, kwa hiyo naliacha juu karibu na kanisa na kushuka kwa miguu. Bwana mkubwa wa ghala ameniuliza kwa nini. Nikamwambia napenda kupita kanisani kabla ya kazi. Amenisifu mbele ya wenzangu. Sasa wananitaka niongoze sala za asubuhi.

Usiku silali vizuri. Naota mahali ambapo ardhi yote ni sawa.

Leo dereva wa basi la Iringa ameleta salamu za baba mkwe, mzee Kalinga. Anasema misheni ilikuwa imempa gari la kumchukua bibi harusi, naye ameshawaambia hapana, ahsante, mkwe wangu wa Mbeya analo lake. Ametangaza hata kanisani. Nimemwambia dereva amrudishie mzee salamu zangu, kisha nikaenda kukaa nyuma ya ghala.

Tadeo naye kaja jioni. Atapeleka wanakwaya wetu Iringa siku ya Ijumaa wakaimbe harusini, lori lake lina nafasi. Akasema kwa upole kabisa kwamba Esta na mimi tunaweza kwenda naye, gari libaki hapa alitazame akirudi. Esta hakumtazama Tadeo. Alinitazama mimi.

Nikasema hatutapanda lori la pareto kama magunia. Esta akaenda kutia kuni.

Jumatano, 20 Julai.

Nimekaa na karani mwenzangu aliyewahi kufanya kazi Iringa, nikamdadisi juu ya njia bila kumwambia kisa. Nimejua yafuatayo. Kutoka Mbeya ni mteremko, vizuri. Iringa mji uko juu ya kilima, vizuri sana. Katikati pana uwanda wa Usangu, na Igawa, anasema, ni tambarare kama meza.

Shauri: hatutasimama Usangu. Kwa lolote. Petroli tutabeba kwenye debe, tutaijaza tukiwa bado mlimani. Nimemwambia Esta asinywe chai asubuhi. Akauliza sababu. Nikasema vumbi na chai havipatani. Aliniangalia muda mrefu, kisha akauliza, "Baba Damari, hilo gari ni zima?"

Nikamwambia ni zima.

Damari, binti yetu, tumempeleka kwa mama yangu. Alilia akitaka kupanda gari. Nilifurahi kwamba haji, halafu nikaona vibaya kwamba nimefurahi.

Alhamisi, 21 Julai. Iringa.

Tumefika. Naandika haya mkono ukiwa bado na vumbi.

Tulianza vizuri. Ndizi za Tukuyu kiti cha nyuma, jogoo wa zawadi miguuni kwa Esta, gauni lake la kuvaa harusini ndani ya shuka. Aliimba hadi Chimala. Sijamsikia akiimba safarini tangu nimuoe. Alisema mitamba yake ilikuwa na miguu mizuri, lakini haingefika huku upesi namna hii. Lilikuwa neno la utani. Mimi nilitoka jasho.

Igawa, ng'ombe. Si wawili, si kumi. Wasangu walikuwa wakivusha kundi zima barabarani, polepole, kama watu wanaotoka ibadani. Nikapunguza mwendo. Nikapunguza tena. Nikasahau klachi.

Kimya. Mara nikasikia kengele za ng'ombe, na jogoo.

Nikavuta stata. Tk.

Nilimwambia Esta gari linapumzika. Nikafungua boneti nikasimama nikiangalia ndani, mikono nyuma, kama daktari. Kinamama wanaouza karanga na mahindi ya kuchoma kando ya barabara wakaja kuangalia ninachoangalia. Mmoja akaniuliza ni kipi kilichokufa. Nikamwonyesha kitu chochote.

Jua lilikuwa kali. Rangi yangu mpya ilikuwa ikiunguza vidole. Nilifikiria Jumamosi, baba mkwe na kanisa lote, gari la misheni lililokataliwa. Nikainama chini ya boneti nifiche uso, na wale kinamama wakadhani nimeona tatizo.

Esta alishuka.  Alikwenda kwa wachungaji, akasalimia, akazungumza nao. Walikuja vijana wa nguvu na fimbo zao. Akafunga kanga kiunoni akasukuma pamoja nao, kichwani amejifunga kitambaa cheupe cha safari. Walisukuma mbali sana, kwa sababu tambarare haisaidii mtu. Lilipowaka niliogopa kusimama ili apande. Nilikwenda polepole, akakimbia, akarukia ndani. Kitambaa kilibaki Igawa.

Hadi Makambako alitazama nje, jogoo magotini. Na baada ya Makambako pia. Nilijaribu habari za mvua, habari za kwaya. Karibu na Sao Hill akasema tu, "Ulisema ni zima."

Kwa baba mkwe pana mteremko mzuri sana mbele ya ua. Nimelielekeza gari chini, nikaweka jiwe. Sijafurahia kuona kitu kama nilivyofurahia kuona mteremko ule.

Ijumaa, 22 Julai. Iringa.

Salamu za kamwene kila upande. Wazee wa Kihehe wamenishika mkono kwa mikono miwili. Mzee Kalinga amewaleta kulitazama gari kwa zamu. Mmoja akaomba asikie likinguruma. Nikasema siku ya kuamkia harusi gari hunyamaza kwa heshima. Wakakubali. Mzee mmoja amesema ni desturi nzuri.

Mzee Kalinga anauliza kwa nini nimeliacha nje barabarani na ua uko wazi. Nimemwambia linahitaji hewa.

Bwana harusi, Timotheo, mganga msaidizi wa zahanati, ni kijana mpole. Amenishukuru mpaka nikaona aibu. Anasema mama yake ni mgonjwa wa miguu, ataletwa kanisani kwa machela, na mama huyo amefurahi kusikia kwamba bibi harusi atafika kwa gari, kwa heshima.

Tadeo amefika na wanakwaya. Amekula kwetu. Esta amemkaribisha vizuri kuliko alivyonikaribisha mimi chumbani.

Hata hivyo shauri langu ni kamili. Kesho asubuhi natoa jiwe. Bibi harusi anapanda. Tunateremka.

Jumamosi, 23 Julai. Iringa.

Nilitoka asubuhi na wembe mkononi, povu shavuni. Barabarani hakuna gari.

Kuna jiwe.

Nilizunguka nyumba. Nikalikuta katikati ya ua. Lilikuwa limepambwa kwa maua na matawi, limefutwa vumbi, na utepe mweupe puani. Mzee Kalinga alikuwa amesimama kando yake na vijana wake wa ukoo, wote wanatabasamu. Akasema, "Mkwe, gari la bibi harusi haliwezi kulala nje kama mbuzi aliyepotea. Tumelisukuma wenyewe kulipopambazuka ili usisumbuke."

Ua ni tambarare. Si tambarare tu. Kutoka getini njia inapanda.

Nilimshukuru.  Kisha nikaomba walirudishe nje, nikasema jua la uani litaharibu maua. Mzee akaangalia juu. Kulikuwa na mawingu. Nikasema basi upepo. Kengele ya kwanza ikalia kanisani.

Matilda akatolewa nje. Kinamama wakapiga vigelegele. Akaingizwa nyuma na Esta, gauni likajaza kiti chote. Watu wakafungua njia. Nikakaa kwenye usukani na povu limekauka upande mmoja wa shavu.

Tk.

Walidhani ni mwanzo wa shughuli, wakaendelea kupiga vigelegele. Tk. Vigelegele vikapungua. Tk. Vikaisha.

Nikasema tusukume. Vijana wakajaribu kulipandisha njia ya geti. Likapanda kidogo, likarudi, likapanda, likarudi, bibi harusi ndani yake akiyumba kama mtoto mgongoni. Mzee Kalinga alivua kofia akaivaa tena. Sikuweza kumtazama. Alikuwa anatazama upande wa misheni.

Matilda akaniinamia kutoka nyuma. Akasema kwa sauti ya chini, "Shemeji, mimi nitaolewa hata nikifika kwa miguu. Timotheo hataoa gari. Lakini dada alimwambia mama kwamba ng'ombe wake hawakupotea bure. Usimwache hivyo."

Sikuwa na shauri lolote. Ni jambo baya sana, kutafuta shauri ndani ya kichwa na kukuta hakuna.

Esta alishuka, akapita mbele yangu, akaenda moja kwa moja kwa Tadeo aliyekuwa kwenye lori lake nje. Akamwambia, "Kaka Tadeo, siku ile ulimwambia afanye nini?"

Tadeo akaja. Hakucheka. Ningependa kuandika kwamba alicheka. Akaniambia niwashe taa. Nikawasha. Esta akasimama mbele. Tadeo akaniambia nivute stata. Tk.

Esta akasema, "Zimezimika. Zilikuwa kali, ulipovuta zikafa."

Tadeo akasema betri ina nguvu, taa zilikuwa kali. Lakini stata ikitaka nguvu nyingi kwa mara moja, haipiti. Kuna mahali njia imezibwa. Akafungua boneti, akaushika waya mnene unaotoka kwenye betri, akaufuata kwa kidole hadi mwisho wake kwenye bodi ya gari. Boliti nyeusi, bodi nyeusi, kila kitu cheusi, kinang'aa. Akaniuliza ni nani aliyepaka rangi hapa chini ya waya.

Watu wengi walikuwa wanasikiliza. Nikasema gari lilikuwa na kutu.

Tadeo akasema umeme haupiti kwenye rangi. Chuma lazima kiguse chuma. Akageuka kutafuta spana kwenye lori. Esta hakungoja kuelezwa zaidi. Alichukua kisu kwa mama aliyekuwa akimenya viazi. Tadeo alipolegeza boliti, yeye mwenyewe akainama na gauni lake la sherehe, akakwangua. Alikwangua kama mtu anayepara samaki. Rangi yangu ilianguka vipande vipande. Chini yake chuma kikatoka cheupe. Akakikwangua pia kichwa cha waya, akafunga, akapangusa mikono kwenye tawi la mapambo. Kengele ya pili ikalia.

Akanitazama kupitia kioo. Akasema, "Vuta."

Nilivuta. Liliwaka mara moja, na watu wa nyuma wakaruka.

Tulifika kanisani kengele ya mwisho ikiwa bado inalia. Mama yake Timotheo alikuwa mlangoni juu ya machela, akainua mkono alipotuona. Matilda alishuka kama malkia. Esta alishuka baada yake na mikono myeusi hadi kwenye viwiko, akaingia hivyo hivyo, akaimba hivyo hivyo. Mzee Kalinga alinishika bega. Aliniambia nina mke. Nikasema ndiyo, baba. Akaniambia hapana, sikiliza vizuri, nina mke.

Nilikaa benchi la nyuma.  Hapo nikagundua kwamba nilikuwa nimenyoa upande mmoja tu.

Jumatatu, 25 Julai. Njiani, Igawa.

Tumesimama Igawa kwa hiari yetu. Nimezima gari mwenyewe, katikati ya tambarare, nikaliwasha. Nikazima, nikaliwasha. Esta amenunua karanga. Wale wachungaji hawakuwapo, lakini mama mmoja alikuwa amekiokota kile kitambaa, amekifua. Esta amecheka naye sana. Sijui walizungumza nini, walikuwa wakinitazama.

Ameniambia jambo moja tu, kwa upole. Siku nyingine gari likiugua, nimwambie linaugua. Si zaidi ya hapo. Nimeahidi kwa moyo wote.

Alhamisi, 28 Julai. Ilomba.

Gari linawaka kila asubuhi, popote. Nimeongoza sala ghalani kwa shukrani ya kweli.

Kuna mlio kidogo tu kwenye gurudumu la nyuma, krrr, krrr, tangu tulipoingia shimo karibu na Chimala tukirudi. Tadeo ameusikia akiwa barazani. Anasema niliache gari kwake Jumamosi alifungue, lisiposhughulikiwa linaweza kunikwamisha mahali pabaya. Nimemshukuru nikamwambia nitaangalia.

Nimeangalia. Nimelichunguza mwenyewe kwa utulivu, na nimegundua kwamba mlio hutoka nikikata kulia tu. Nikikata kushoto gari liko kimya kabisa. Kwa hiyo gari halina ugonjwa. Leo nimekwenda kazini kwa kukata kushoto peke yake. Ni mbali kidogo, nimezunguka sokoni na nyuma ya karakana, nimechelewa. Lakini mlio sikuusikia hata mara moja.

Esta ameniuliza jioni kama gari ni zima. Nimemwambia ni zima.

Mchungaji ameniomba nimpeleke Tukuyu Jumapili. Nimekubali. Njia ile ina kona nyingi sana. Kesho nitamtafuta dereva yeyote anayeijua vizuri, isipokuwa Tadeo, nimuulize kama mtu anaweza kufika Tukuyu kwa kushoto tu.